Kupima nafasi ya mistari ya gretingi kwa leza, ukuta na futi

Msimu wa mitihani ya vitendo ukikaribia, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu, na linahusu gretingi: kile kipande angavu kilichochapwa mistari mingi sambamba iliyobanana, ambacho ukipitisha leza humo unapata safu ya madoa ukutani. "Shikamoo fundi. Doa la tatu limenipa mistari 374 kwa milimita, na kwenye fremu pameandikwa 300. Gretingi ni mbovu?" Marahaba mdogo wangu. Gretingi ni nzima. Umegawa kwa tan mahali pa sin, na nimelijua hilo kabla hujanionyesha daftari, maana hiyo 374 nimeshaiona mara nyingi mno.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya shule hapa Dodoma. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika yote hapa: kwa wa Kidato cha Tano na cha Sita, kwa wa mwaka wa kwanza chuoni, na kwa walimu wenzangu waliopewa vipindi vya fizikia kwenye shule isiyo na spektromita, chombo cha kupimia pembe za mwanga. Spektromita huihitaji. Nafasi unayoitafuta ni ya maikromita tatu hivi, na unywele wa kichwa chako unaizidi kwa unene mara kumi na tano au zaidi. Hata hivyo utaipima kwa futi ya fundi ujenzi na utakosea kwa kama asilimia moja. Nitakuonyesha pia asilimia hiyo inakotoka, kwa sababu wengi wanaitafuta kwenye futi wakati imejificha kwenye leza.

Nadharia ya leo ni mstari mmoja:

d × sin θ = n × λ

d ni nafasi kutoka mstari mmoja wa gretingi hadi wa pili. λ ni urefu wa wimbi la mwanga wa leza. θ ni pembe ambayo doa limechepuka kutoka katikati, na n ni namba ya doa: la kwanza, la pili, la tatu. Mwanga unaopita kwenye nafasi zile nyembamba husambaa kila upande, lakini mawimbi yanakutana kilele kwa kilele kwenye pembe chache tu, na hapo ndipo unapoona madoa. Mengine yako kwenye daftari lako la fizikia.

Vitu vya kuandaa

- Gretingi yenye fremu. Zipo za mistari 100, 300, 600 na 1000 kwa milimita. Kama unaanza, chukua 300. Hiyo 100 madoa yake yanabanana, na 1000 inakupa doa moja tu kila upande.
- Leza nyekundu ya kalamu, isiyozidi miliwati 5. Wamachinga wa masoko ya Sabasaba na Majengo hapa Dodoma wanazo. Nyingi zinakuja na vikofia vinavyotoa maua na nyota. Vua kikofia, lakini usikitupe.
- Ukuta mweupe ulionyooka, upana wa mita mbili na nusu hivi. Ukuta wa tofali usiopigwa lipu haufai. Bandika manila juu yake, au tumia ubao.
- Futi ya chuma. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani huvutika, iache.
- Matofali mawili au vitabu vizito, vibanio viwili vya nguo, na selotepu.
- Karatasi za A4 na penseli iliyochongwa vizuri.
- Uzi wenye nati mwishoni, iwe timazi yako.
- Kioo kidogo cha mfukoni.
- Kikokotoo. Kile cha dukani cha kupigia mauzo kinatosha, mradi kina kitufe cha kipeuo cha pili (√).

Neno kuhusu gretingi yenyewe. Shika fremu tu, kwenye kingo. Mistari imechapwa juu ya tabaka laini la plastiki, na alama ya kidole ikishaingia humo haitoki. Huku kwetu kuna adui wa pili, vumbi. Miezi ya upepo ukiacha gretingi mezani kipindi kimoja tu utaikuta na unga mwekundu. Usiifute kwa shati, wala kwa kitambaa cha miwani, wala kwa mate (nimeshuhudia). Chukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, livute lijae hewa, lipulizie kwa mkupuo mara tatu nne. Kama vumbi bado lipo, liache. Vumbi kidogo linapunguza mwanga, halibadilishi mahali doa linapoangukia.

Fanya kazi hii giza likishaingia, saa moja na nusu jioni kwenda mbele. Jua letu la saa nane mchana linapenya hata pazia zito, na doa la tatu hutaliona. Umeme ukikatika usinung'unike, hii ni moja ya kazi chache ambazo giza linazinogesha.

Macho kwanza

Leza ya kalamu inauzwa kama kitu cha kuchezea, ila mwale wake ukiingia jichoni lenzi ya jicho inaukusanya kuwa nukta moja kwenye retina. Weka leza usawa wa meza, na watu wote chumbani wasimame, asiwepo aliyekaa macho yake yakalingana na mwale. Vueni saa na pete. Funga mlango, kwa sababu lazima atakuja mtu kuuliza mnafanya nini gizani. Usielekeze leza dirishani pia: uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini kabisa, na mwale unaoonekana dhaifu ukutani unaweza kumchanganya rubani anayetua usiku.

Leza za kijani za bei rahisi ziogope zaidi. Mara nyingi zina nguvu kuliko zinavyoandikwa, na baadhi zinavujisha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, kwa hiyo hata kupepesa hupepesi.

Hatua kwa hatua

1. Amua umbali wa gretingi hadi ukutani. Tuuite L. Kwa gretingi ya 300 weka mita moja na nusu. Ya 100 ipe mita tatu. Ya 600 sentimita 60 zinatosha, na ya 1000 sentimita 50. Ukiweka ya 600 mbali kama ya 300, doa la pili litaangukia karibu mita mbili kutoka katikati, na ukuta wako utakuwa umeisha.

2. Funga leza isitikisike. Ilaze kati ya matofali mawili na uikaze kwa selotepu. Kitufe kibane kwa kibanio cha nguo ili usikishike kwa kidole, kwa sababu kidole kinatetemeka na doa linacheza.

3. Hakikisha mwale unaupiga ukuta kwa gonia (nyuzi 90), hatua ambayo wengi wanairuka. Bandika kioo cha mfukoni bapa ukutani, pale pale mwale unapogonga. Simama nyuma ya leza, pembeni, uangalie mwale uliorudi umeangukia wapi. Sogeza leza taratibu mpaka nukta inayorudi ikae kwenye uso wa leza, jirani na tundu lake. Hapo mwale na ukuta vimekuwa gonia kamili. Ondoa kioo.

4. Simamisha gretingi sentimita tano mpaka kumi mbele ya leza. Bana fremu kwa kibanio cha pili na ukiegemeze kwenye kitabu. Sasa rudia mchezo wa kioo: uso wa gretingi nao unaakisi mwanga kidogo. Tafuta nukta hafifu inayorudi upande wa leza, zungusha fremu mpaka nukta hiyo irudi kwenye tundu. Dakika mbili za hapa zinakuokolea nusu saa ya kubishana na namba.

5. Nyoosha safu ya madoa. Ukutani utaona doa kali la katikati na mengine kushoto na kulia. Kama safu imeinama, izungushe fremu kama usukani wa gari mpaka safu ilale sambamba na sakafu. Tumia pima maji kama unayo, la sivyo linganisha na mstari wa matofali au ukingo wa ubao.

6. Pima L, kutoka kwenye filamu ya gretingi hadi ukutani. Usianzie kwenye leza, wala kwenye kibanio, wala kwenye ukingo wa meza. Njia safi: ning'iniza timazi ikigusa fremu, weka alama ya chaki mahali nati inapoelekeza, halafu pima sakafuni kutoka alama hiyo hadi ukutani. Futi ikilala sakafuni haibonyei katikati kama inavyobonyea hewani.

Ile ndoano ya mwanzo wa futi inayochezacheza haijaharibika. Imetengenezwa icheze kiasi cha unene wake, ili isome sawa ukiivuta na ukiisukuma. Lakini futi za maabara zimedondoshwa mara mia na ndoano zimepinda, kwa hiyo mafundi wengi tunaanzia kwenye alama ya 10 kisha tunatoa 10 mwishoni. Ni njia nzuri ukikumbuka kutoa. Mimi niliwahi kusahau mbele ya darasa zima. Niliandika L ni 160 wakati ni 150, nikapata mistari 287, nikatumia dakika kumi kuwaeleza wanafunzi kwamba watengenezaji hawaaminiki. Binti mmoja wa mbele akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, ile kumi umeitoa?"

7. Tambua madoa kabla hujaweka alama. La katikati ni sifuri. Halihesabiwi. La jirani yake kila upande ni la kwanza, na n yake ni 1. Ukiita la katikati "la kwanza", d ya doa linalofuata itatoka mara mbili ya ile halisi. Kosa hili nalipata kila mwaka, hata kwa wanafunzi wazuri.

8. Weka alama. Bandika karatasi ya A4 kila mahali doa linapoangukia, uifunge kwa selotepu pembe zote nne. Doa la leza ya kalamu mara nyingi ni la umbo la yai na kingo zake zimefifia, hivyo usikisie katikati yake kwa jicho. Chora kistari kwenye ukingo wa kushoto na kingine kwenye ukingo wa kulia, kisha gawanya kati kwa rula. Andika namba ya doa pale pale, kwa sababu ukishawasha taa karatasi zote zinafanana.

9. Zima leza, washa taa, pima. Pima kutoka doa la kwanza la kushoto hadi doa la kwanza la kulia, moja kwa moja, kisha gawanya kwa 2. Hiyo ndiyo x. Usipime kutoka katikati, kwa maana doa la sifuri ni kali mno na linatapakaa, na huwezi kujua kitovu chake kiko wapi. Kushoto hadi kulia pia kunafuta upotofu mdogo wa gretingi iliyokaa upande kidogo. Rudia kwa doa la pili na la tatu.

10. Kokotoa bila kugusa pembe. Sin θ ni x gawanya kwa √(x² + L²). Basi. Ukienda kwa njia ya pembe, utabonyeza tan⁻¹ halafu sin, na siku moja kikokotoo kitakuwa kimewekwa kwenye radiani na hutajua. Kisha d ni n × λ gawanya kwa sin θ. Ukiweka λ kwa nanomita, d itatoka kwa nanomita. Mistari kwa milimita ni 1,000,000 gawanya kwa hiyo d.

11. Sogeza meza, weka L ya sentimita 120, na urudie yote. Najua umechoka. Lakini ukikosea L kwa kiasi kile kile kila mara, kama ile kumi yangu, umbali wa pili ndio utakaokufichua: d ya L fupi itapotoka zaidi kuliko d ya L ndefu.

Mfano wenye namba

Namba hizi ni za gretingi ya fremu iliyoandikwa 300, L ya sentimita 150.0, na leza nyekundu iliyoandikwa 650 nm (nanomita).

Doa la kwanza: kushoto hadi kulia 60.2 cm, x ni 30.1. Sin θ = 0.1967, d = 3304 nm.
Doa la pili: 128.4 cm, x ni 64.2. Sin θ = 0.3935, d = 3304 nm.
Doa la tatu: 218.6 cm, x ni 109.3. Sin θ = 0.5889, d = 3311 nm.

Wastani ni 3306 nm, sawa na mistari 302 kwa milimita. Fremu inasema 300.

Angalia jinsi d tatu zilivyokubaliana zenyewe kwa zenyewe. Tofauti kati yao ni nanomita 7 katika 3300. Maana yake ukuta, futi na mikono yetu vilifanya kazi nzuri. Kama vilifanya kazi nzuri, kwa nini zote tatu zimekaa chini ya 3333, ambayo ndiyo d ya mistari 300?

Hapa ndipo wengi wanaporudi kwenye futi kukodoa macho kwenye nusu milimita. Piga hesabu ya makosa kwanza. Katikati ya doa unaweza kuikosea kwa milimita moja kila upande, na hata vikijumlika ni milimita 2 katika 602, kama asilimia 0.3. L unaweza kuikosea kwa milimita 3 katika 1500, asilimia 0.2. Leza je? Kibandiko chake, kama kinasema ukweli, kinasema 650 nm, jumlisha au toa 10. Hiyo ni asilimia 1.5, na hakuna futi duniani itakayoirekebisha. Mbaya zaidi, wimbi la leza nyekundu ya diodi (kijisehemu cha kielektroniki kinachotoa mwanga) hubadilika na joto, takribani nanomita moja kwa kila nyuzi nne au tano. Leza iliyoshinda mfukoni mwa suruali mwezi wa Novemba na ile iliyolala kabatini mwezi wa Julai hazitoi wimbi lile lile.

Nilikopa leza ya kijani ya fuwele, ya 532 nm. Aina hiyo ni ya kuaminika kwa jambo hili moja, kwa kuwa urefu wa wimbi lake unatokana na fuwele na hautangitangi kama wa diodi nyekundu. (Siku hizi zipo pia za kijani za diodi, za 515 hadi 520 nm. Soma kibandiko.) Gretingi ile ile, L ile ile: madoa ya kwanza yalikuwa sentimita 48.5 kutoka kushoto hadi kulia. Kokotoa mwenyewe uone: d inatoka 3333 au 3334. Gretingi ni ya 300 kama ilivyoandikwa, na leza yetu nyekundu ilikuwa ya 655 hivi badala ya 650. Tangu siku hiyo imebandikwa kikaratasi cha "655" na sijasumbuka tena.

Kama huna ya kijani, andika jibu lako hivi: mistari 302, jumlisha au toa 5. Hilo ni jibu la mtu anayejua alichopima. Ukiandika 302.45 kwa leza ya machinga, mkaguzi anayejua kazi atacheka.

Ukikwama

d inashuka kadiri unavyopanda kutoka doa la kwanza kwenda la tatu. Umetumia tan. Kwa namba za mfano wetu, tan ingekupa 3239, kisha 3037, kisha 2676, na hiyo ya mwisho ndiyo mistari 374 ya kijana wa simu. Kwenye doa la kwanza tan na sin zinakaribiana, ndiyo maana kosa hili linajificha kwa anayepima doa moja tu.

d ni kubwa kuliko inavyotakiwa, na inashuka kidogo kidogo tu. L yako ni ndefu kuliko ukweli. Umepimia kwenye leza, au umesahau kutoa ile kumi.

Kushoto ni sentimita 28 na kulia ni 32. Kuna kitu kimekaa upande, ama gretingi ama ukuta. Rudi hatua ya 3, halafu ya 4, kwa mpangilio huo. Usikimbilie kugawanya kwa 2 ukadhani umepona: njia hiyo inatibu tofauti ya milimita chache, tofauti ya sentimita nne haiwezi.

Madoa yamepanga mstari wa kwenda juu na chini. Zungusha fremu robo mzunguko.

Madoa yamejaa ukutani kama bao la drafti. Kikofia cha nyota bado kipo kwenye leza, au gretingi yako ina mistari ya pande mbili, kama zile za miwani ya sherehe. Ya pande mbili inapimika pia. Fuata safu moja tu inayopita katikati na usahau mengine.

Linaonekana doa la katikati peke yake. Mwale unapita pembeni ya filamu, au gretingi ni ya mistari mingi na madoa yamekwenda kuta za pembeni. Kwa 1000, doa la kwanza linachepuka zaidi ya nyuzi 40. Geuza kichwa utalikuta.

Kuna vidoa hafifu katikati ya madoa makubwa. Mwanga unarukaruka ndani ya kioo cha gretingi kabla ya kutoka. Vidoa hivyo havifuati mpangilio wa umbali, hivyo ni rahisi kuvitambua na kuviacha.

Doa linafifia unapoendelea kupima. Betri. Zile za vidonge hazidumu, na kibanio kinazimaliza haraka kwa sababu leza inawaka muda wote. Toa kibanio kila unapomaliza kuchora.

Huna gretingi kabisa

Nyumba nyingi bado zina CD ya kwaya isiyopigwa tena. Njia zake zimejipanga kwa nafasi ya maikromita 1.6, na kwa kazi hii ni gretingi halali. Kwaruza upande wenye maandishi kwa ncha ya msumari, bandika selotepu pana, vuta kwa nguvu, na tabaka la fedha litang'oka na kubaki plastiki angavu. Mifereji imechapwa kwenye plastiki hiyo, kwa hiyo inabaki. DVD haikubali ujanja huu kirahisi, kwa vile tabaka lake limefichwa kati ya sahani mbili zilizogundishwa.

Pitisha mwale katikati ya sehemu iliyong'olewa, upande wa kulia au wa kushoto wa tundu, usawa mmoja na tundu. Ukipitisha juu au chini ya tundu, safu ya madoa itasimama wima. Weka L ya sentimita 60. Kwa leza ya 650 nm, doa la kwanza litachepuka nyuzi 24 hivi, karibu sentimita 27 kila upande.

Ila usiitumie CD kusahihishia leza yako, kama nilivyoona wengine wakifanya. Kiwango cha CD kinaruhusu nafasi ya maikromita 1.6, jumlisha au toa 0.1, na hiyo ni asilimia 6, mbaya kuliko kibandiko cha leza yenyewe. Ukipata chochote kati ya mistari 588 na 667 kwa milimita, CD yako iko ndani ya kiwango.

Na kile kikofia cha nyota nilichokuambia usikitupe? Nacho ni gretingi, ya pande mbili, na hakuna mtu aliyeandika juu yake kina mistari mingapi. Kirudishe kwenye leza, weka L ya mita tatu, uanze hatua ya 5.